Mtalii na Kutalii: Ngamia wa Mkuru katika Mizani ya Ugeni

Kamusi za zamani za Kiswahili zilipolifasiri neno "talii" hazikutaja hoteli wala kamera. Neno lilitoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kusoma kwa makini na kuupitia waraka mstari kwa mstari. Lilipotua pwani halikuipoteza maana hiyo upesi. Kutalii kulikuwa ni kudurusu, kuchungua na kupekua, na mtu aliweza kutalii kitabu akiwa ameketi barazani kwake bila ya kuvuka hata mtaa wa pili. Matumizi ya leo ya mtalii, yaani mtu ashukaye katika ndege na begi mgongoni, yamekuja baadaye. Hata hivyo asili ya neno haijafutika, na inampa mhakiki kipimo cha haki: ikiwa mtalii ni msomaji, basi na apimwe kama wasomaji wanavyopimwa. Amesoma nini? Amekiruka kipi? Na aliporudi kwao akaandika, je, aliandika aliyoyasoma au aliandika aliyokuwa nayo kichwani kabla hajafika?

Mfano unaolifaa jaribio hili uko bara, katika nyanda kavu zilizo kaskazini ya Mlima Meru, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 unaoutazama mji wa Arusha kwa upande wake mwingine. Huko kuna mahali paitwapo Mkuru. Ngamia waliingizwa katika nyanda hizi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kuwasaidia wafugaji waliochoshwa na ukame. Katikati ya muongo huohuo, Bodi ya Utalii Tanzania pamoja na shirika la maendeleo la Kiholanzi, SNV, walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni, ambao ulivishirikisha vijiji kadhaa vya Arusha na jirani zake. Mkuru ikawamo, na sifa yake ikawa ni ngamia. Shirika la Kiitaliano la Oikos nalo limejenga hapo kambi ya mafunzo. Mgeni hupanda ngamia kwa nusu siku, au kwa siku kadhaa akielekea Longido, na mwenye pumzi zaidi huweza kufika hadi pande za Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Njiani huingia katika boma la Wamaasai, hula, hulala, hutazama ng'ombe wakikamuliwa alfajiri. Kisha hulipa, huaga na huenda zake.

Safari ya namna hii imezaa maandishi mengi katika lugha za Ulaya, na maandishi hayo yamekwisha kuwa na fani yake, kama utenzi ulivyo na dua ya mwanzo na tamati. Hufunguliwa kwa vumbi la barabara itokayo Arusha. Hufuata kituko cha kupanda: ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, na mpandaji hutupwa mbele, naye hupiga ukelele na wenyeji hucheka. Kisha huja ukimya wa nyika, kilele cha Kilimanjaro kikichungulia mashariki, jua likichwa. Usiku huja nyota. Asubuhi huja mwanamke mwenye shanga ambaye hana jina, mtoto mwenye inzi machoni ambaye hana jina, na mzee mwenye hekima ambaye pia hana jina. Tamati ni toba: mwandishi hukiri kwamba watu hawa hawana kitu lakini wana furaha, na kwamba yeye amejifunza kuwa mali si kitu. Hapo kalamu huwekwa chini.

Mhakiki asifanye haraka ya kuyacheka. Fani kuwa na mazoea si dhambi. Ushairi wa Kiswahili wenyewe umejengwa juu ya mazoea, na msomaji wa pwani hufurahi kukikuta kibwagizo pale alipokitarajia. Kasoro ya maandishi haya ni kwamba mazoea yamechukua nafasi ya kutazama. Utenzi hutumia dua yake ya mwanzo kufungua mlango wa kisa. Humu mlango hufunguliwa, lakini ndani hamna kisa, kwani kisa kinahitaji watu wenye majina, wenye jana na kesho, na wenye jambo wanalolitaka. Mzee asiye na jina hawezi kutaka kitu. Anaweza tu kuwa na hekima.

Dalili ya kwanza ya usomaji mbaya ni maneno yenyewe. Maandishi haya hupenda kuiita nchi hii jangwa. Sifa hiyo huitamanisha safari, kwa kuwa ngamia na jangwa ni mapacha katika fikira za Ulaya tangu hadithi za Alfu Lela Ulela zilipopata wasomaji huko. Lakini Kiswahili kina neno lake kwa nchi kama hii nalo ni nyika: ardhi kavu yenye migunga na majani machache, ambayo huonekana tupu kwa asiyeijua, na ambayo mfugaji huipita akiijua kila mti. Jangwani hakuna kitu. Nyikani kuna malisho ya msimu, visima vyenye wenyewe, njia za ng'ombe, na mipaka isiyoandikwa. Anayeiita nyika jangwa amekwisha kuwafuta wenyeji kabla hajawafikia, maana jangwa halina mwenyewe. Watu wa pwani nao hawana mikono safi katika jambo hili. Wao walilitumia neno nyika kwa dharau kwa karne nyingi, wakawaita majirani zao Wanyika, kwa maana ya watu wa msituni. Neno sahihi likitiwa katika kinywa cha kiburi huweza kumfuta mtu sawasawa na neno la uongo.

Kosa la pili ni la majina ya watu. Katika masimulizi ya wageni, kila aishiye pembezoni mwa Mlima Meru ni Mmasai. Msomaji makini angaligundua kwamba kuna Wameru, wakulima wa migomba na kahawa wenye lugha yao ya Kibantu. Kuna Waarusha, wasemao Kimaasai lakini wanaolima mitelemko ya mlima na kufuga zizini. Na kuna Wamaasai wafugaji wa nyanda za chini. Watu hawa wameoana, wamepigana, wamegawana maji na wamegawana mungu. Mgeni hukutana nao wote katika siku moja, tangu sokoni Arusha hadi bomani Mkuru, naye huwaandika wote kwa jina moja kwa sababu vazi la lubega ndilo alilolijua kwao.

Ama ngamia, msomaji wa visiwani ana haki ya kusema kitu juu yake. Ngamia si mgeni katika fasihi ya pwani. Qurani inamtaja kuwa ni kiumbe cha kuzingatiwa jinsi alivyoumbwa, na ngamia wa Nabii Saleh anajulikana na kila mtoto aliyekaa chuoni. Kuna utenzi wa Ngamia na Paa, ambamo wanyama hao wawili wanatafuta himaya kwa Mtume. Na katika Hadithi kimo kisa mashuhuri cha ngamia aliyelia mbele ya Mtume katika bustani ya mmoja wa Ansari, akimshitaki bwana wake kwamba anamshindisha na njaa na kumchosha kwa kazi, hata bwana huyo akaitwa na kukaripiwa. Katika fasihi hii ngamia ana ulimi. Ana madai, na madai yake yana pa kupelekwa.

Unguja ilimjua ngamia hata kwa macho. Picha za zamani za mji zinamwonyesha ngamia aliyefungwa kitambaa machoni akizunguka kinu cha kushindika mafuta, mzunguko juu ya mzunguko, katika chumba kidogo chenye giza. Ngamia yule hakuwa merikebu ya jangwani. Alikuwa ni mfanyakazi asiyeiona kazi yake. Mshairi wa pwani anayetafuta taswira ya taabu hahitaji kwenda mbali zaidi ya kinu kile, na ni ajabu kwamba taswira hiyo haikutumika zaidi.

Waarabu wa kale walimweka ngamia katika moyo wa kasida. Tarafa, katika Muallaka yake, alimweleza ngamia wake kiungo kwa kiungo, paja, shingo, jicho, kwato, kama fundi anayekagua jahazi kabla ya kulitia majini. Wanazuoni wa arudhi wana masimulizi kwamba bahari ya rajazi ilizaliwa na mwendo wa ngamia, yaani mwimbaji wa msafara aliufuata mguu wa mnyama na mnyama akaufuata wimbo. Iwe kweli au iwe ngano, masimulizi hayo yana fundisho kwa mtunzi: mizani hutoka katika kazi ya mwili. Ngamia hupeleka miguu miwili ya upande mmoja pamoja, kisha miwili ya upande wa pili, ndiyo maana aliye juu huyumba kama aliye chomboni. Mtu aliyezoea utenzi, kipande cha mizani minane baada ya kipande cha mizani minane, angaliutambua mwendo huo. Masimulizi ya wageni hayautambui. Husema tu kwamba mgongo uliuma.

Zaidi ya mgongo kuna swali la mahali alipo kila mtu. Mgeni yuko juu ya tandiko, na kijana mwenyeji yuko chini, anatembea mbele ameshika kamba. Kwa saa nne au tano mgeni anachokiona cha mwenyeji wake ni kisogo. Kutoka juu ya ngamia nchi huonekana mbali, na hilo ni zuri. Lakini nyayo hazionekani, wala hauonekani mti ulioliwa na mbuzi jana, wala kinyesi kinachomwambia mfugaji ni nani aliyepita na lini. Kijana ashikaye kamba anaisoma nchi wakati wote, kwa macho na kwa miguu. Kwa maana ya asili ya neno, yeye ndiye anayetalii. Mwandishi mmoja tu katika kumi akishuka, akatembea ubavuni mwake na kumwuliza anasoma nini, fani yote hii itabadilika.

Na akiuliza, ataambiwa kwa nini ngamia yuko pale. Hakuletwa ili apandwe. Ng'ombe hutaka majani na maji ya mara kwa mara, na mvua ikikosekana miaka miwili mfululizo zizi huwa tupu. Ngamia hula majani ya migunga ambayo ng'ombe hayafikii wala hayataki, hukaa siku nyingi bila ya maji, na jike lake huendelea kutoa maziwa pale ng'ombe alipokwisha kukauka. Kwa hiyo ngamia wa Mkuru ni jibu la watu waliofikwa na msiba wa hali ya hewa. Ni ushahidi wa wafugaji, wanaosemwa kila siku kwamba hawapendi mabadiliko, waliokubali mnyama ambaye babu zao hawakumfuga. Hiki ni kisa chenye mgogoro na uamuzi, na mwandishi wa safari anakikalia bila ya kukiona, kwa kuwa yeye amekuja kutafuta mambo yasiyobadilika.

Sasa lifuate neno mwenyeji. Asili yake ni "mwenye mji", mtu ambaye mji ni wake na kwa hiyo ana uwezo wa kumkaribisha mwingine. Ugeni wote umesimama juu ya umiliki huo. Asiye na mji hawezi kukaribisha. Anaweza kuhurumiwa tu. Hapa ndipo nchi ya Mlima Meru inapompa msomaji ukurasa mzito kuliko yote, ukurasa ambao masimulizi ya ngamia huuruka karibu wote.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, jirani kabisa na Mkuru, ili ardhi yao igawanywe kuwa mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu na wanyama walipelekwa Kingori, nchi wasiyoitaka. Wameru hawakushika silaha; walichanga fedha wakamtuma mtu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwana wa Meru, alifika New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton aliyetoka Bermuda, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza yaliyowapata watu wake. Hilo lilikuwa miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Ardhi haikurudishwa kwa kura ya New York, lakini Tanganyika nzima ilikuwa imesikia kwamba mkulima anaweza kumshitaki mtawala mbele ya dunia.

Ni sadfa yenye kutafakarisha kwamba mwaka uleule wa 1951 ndio kilipochapishwa kitabu cha Shaaban Robert, Kusadikika. Humo wajumbe hutumwa safari za mbali kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao, nao wakirudi hutiwa gerezani, mpaka Karama anaposimama barazani kuwatetea. Wahakiki wamekisoma kitabu hicho mara nyingi kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Kikisomwa pamoja na safari ya Kirilo, huonekana kitu kingine pia: kwamba katika fasihi ya Kiswahili safari yenye heshima ni ile ambayo msafiri hutumwa na watu, na aliporudi hudaiwa taarifa. Msafiri wa Kusadikika hakwenda kujifurahisha wala kujijua. Alikwenda kuleta kitu.

Kisa cha Meru kimeandikwa. Kirilo Japhet na Seaton wenyewe walikitolea kitabu mwaka 1967, na Ismael Mbise, mwandishi aliyezaliwa Meru, alikifanyia riwaya mwaka 1974. Vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Kwa Mbise uamuzi huo ulikuwa na faida yake, kwani aliwasemesha wale waliotenda katika lugha yao waliyoitendea. Lakini mpenzi wa ushairi wa Unguja au Lamu, anayeijua Al-Inkishafi na kumbi zake za Pate zilizobaki mahame baada ya karamu na taa, ndiye hasa angalijua namna ya kusoma kijiji kilichochomwa. Msiba wa nyumba iliyokosa wenyewe ni maudhui aliyolelewa nayo. Kati ya Pate na Engare Nanyuki kuna tofauti kubwa, kwa kuwa Pate ilianguka kwa mkono wa dunia na zamani zake, ilhali Engare Nanyuki ilichomwa kwa amri yenye sahihi. Tofauti hiyo ndiyo ambayo tenzi mpya ingalipasa kuieleza. Wafasiri wa Kiswahili wana kazi inayowasubiri hapa.

Jina Engare Nanyuki lenyewe ni somo. Kwa Kimaasai maana yake ni maji mekundu. Upande wa pili wa mlima kuna Maji ya Chai, jina la Kiswahili lenye wazo hilohilo. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayotoka ubavuni mwake katika sehemu hizi yana madini mengi ya floraidi kuliko mwili unavyoweza kuyastahimili. Anayeyanywa tangu utotoni meno yake hugeuka rangi kuwa ya udongo, na wengine mifupa yao hupinda. Masimulizi ya wageni hulisifu sana tabasamu la wenyeji. Tabasamu ndilo neno lao lipendwalo kuliko yote, na kamera huwa tayari. Lakini meno yaliyo ndani ya tabasamu hilo ni hati iliyoandikwa na maji, na asiyeisoma ameshinda siku nzima nje ya kitabu. Mwanamke yule mwenye shanga, ambaye ndiye ajengaye nyumba ya udongo na samadi, akamuaye na atafutaye kuni, ndiye pia aendaye kuyateka maji hayo. Lau angaliulizwa jambo moja tu, yumkini angalizungumzia maji kabla ya shanga.

Baada ya kuyasema haya, yafaa kuikataa lawama moja ambayo ni rahisi na si ya haki. Wako wanaosema kwamba ugeni unaolipiwa si ugeni, na kwamba boma linapopokea shilingi utamaduni umekwisha kuuzwa. Historia ya pwani haiwaungi mkono. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza jinsi vijana walivyotoka kwa mashua kuilaki merikebu, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akimwendea mfanyabiashara na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alikaa kwa mwenyeji huyo tu, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Sahani ile ilikuwa karimu na ilikuwa biashara, na hakuna aliyeona aibu. Kilichoufanya ugeni ule kuwa ugeni ni wajibu uliofungwa kwa pande mbili: mwenyeji alimdhamini mgeni mjini, na mgeni hakuweza kumruka mwenyeji wake akauze kwingine.

Neno hongo linasimulia habari hiyohiyo kwa upande wa bara. Katika masimulizi ya misafara yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, hongo ni ushuru anaoutoa msafiri kwa mwenye nchi apate kupita, kunywa maji na kulala kwa amani. Ilijadiliwa, mara nyingine kwa siku kadhaa, na majadiliano hayo yenyewe yalikuwa ni kukiri kwamba nchi ina mwenyewe. Leo neno limeporomoka, limekuwa jina la rushwa. Lakini ile ada ya maendeleo ya kijiji anayoitoa mgeni wa utalii wa utamaduni, iendayo katika skuli au kisima, ni hongo kwa maana yake ya kale na safi. Swali la kuuliza si kama ilipwe. Ni nani anayeijadili, na je, mwenye nchi bado ana uwezo wa kusema hapana?

Mapokeo ya Kiswahili yana hakiki yake juu ya mgeni, kali kuliko ya mhakiki yeyote. Lipo lile shairi la siku za mgeni linalojulikana pwani nzima, ambalo humhesabia mgeni siku baada ya siku, karamu ikipungua na maneno yakiongezeka ukali, hata siku ya mwisho akafukuzwa kwa makofi. Watu hulicheka, nalo limetungwa lichekeshe. Chini ya kicheko kuna sheria: ugeni ni cheo cha muda, na anayeking'ang'ania huwa mzigo. Methali huisema sheria hiyo kwa upole: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliichukua methali hii katika maandishi yake juu ya ujamaa mwaka 1962, miaka mitano kabla ya Azimio lililotangazwa Arusha, kuonyesha kwamba katika jamaa ya Kiafrika hapakuwa na mahali pa mtu wa kula bila ya kufanya kazi. Kwa kawaida husomwa kama karipio. Inaweza kusomwa pia kama heshima: anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa nyumbani.

Jembe basi ndilo kipimo. Katika fani ya safari za ngamia, mgeni huondoka siku ya pili, kabla methali haijamfikia. Huonja asali ya ugeni na kukosa uchungu wake na ukaribu wake. Ndiyo maana maandishi yake hayana mtu. Mgeni aliyebeba ndoo ya maji kutoka kisimani, hata mara moja, hawezi tena kuandika kwamba wenyeji hawana kitu lakini wana furaha. Bega lake halitamruhusu.

Imebaki sehemu ya hukumu inayowahusu washairi wa pwani wenyewe. Ni wepesi wa kumcheka Mzungu juu ya ngamia. Lakini kijana wa nyanda za Arusha hakubaki kule akimngoja mgeni. Amekuwa mgeni mwenyewe, tena hapa hapa kisiwani. Yuko Mji Mkongwe akilinda milango usiku, yuko katika fukwe za kaskazini na mashariki akiuza ndara na shanga, amevaa lubega ileile iliyopigwa picha bomani. Watu wa visiwani wanampita kila siku. Je, ni mashairi mangapi yaliyomtaja kwa jina lake? Anapoonekana katika tungo, aghalabu ni kichekesho cha lafudhi au ni alama ya ulinzi, mkuki na sime. Haulizwi kwao ni wapi, ukame wa mwaka gani uliomleta, wala kwa nini mtoto wa mfugaji amekuwa mchuuzi kandokando ya bahari asiyoijua kuogelea. Hadhi ile aliyonyimwa na mwandishi wa Ulaya amenyimwa pia na mtunzi aliyekaa barazani, ambaye kwa mara hii ndiye mwenye mji.

Fani ya kumwandikia mgeni huyo ipo na haihitaji kubuniwa. Utenzi unajua kusimulia safari, shairi la kujibizana linajua kutoa nafasi kwa pande mbili, na utenzi wa Ngamia na Paa umekwisha kuonyesha kwamba hata mnyama anaweza kupewa baraza na kusikilizwa madai yake. Kinachotakiwa ni mtunzi aketi na kijana huyo, kwa Kiswahili ambacho wote wawili wanakijua, amwulize habari za Mkuru: ngamia wangapi wamebaki, mvua ilikuwaje, nani anayeteka maji sasa. Kisha amwache ajibu kwa beti zake mwenyewe, hata mizani ikipotea kidogo.